Nyuzi Tisini na Sita

Kompyuta ya binti yangu ilizimika Jumamosi moja saa nane na robo mchana, yeye na wenzake watatu wa Dar es Salaam wakiwa katikati ya mchezo. Nilikuwa sebuleni na kitabu changu. Nilizisikia feni zake zikipandisha sauti kama mashine ya kusaga inayokaribia kukwama, kisha kukawa kimya. Binti yangu akavua hedifoni akaziweka mezani.

"Wamebaki watatu tena," alisema.

Baada ya muda simu yake iliita. Aliyepiga alikuwa kiongozi wa timu yao, mwanamke mwenzake, na kwa kuwa binti yangu huzungumza kwenye simu akiiweka spika, nilisikia yote.

"Dada, hii mara ya tatu. Mashindano ni Jumamosi ya wiki ijayo. Ikizimika siku hiyo, nafasi yako nampa mwingine. Nisamehe, lakini siwezi kila mara kucheza na mtu anayeyeyuka."

"Nimekuelewa," alijibu. Akakata simu, akabaki anautazama ule mlango wa kioo ubavuni mwa kompyuta, kama anayemtazama mgonjwa.

Namshukuru Mungu kwa binti huyu. Ni mtoto wangu wa mwisho, ana miaka thelathini na moja na anafundisha hisabati sekondari. Alipohamishiwa huku Bagamoyo alirudi kukaa nasi, mimi na mama yake, katika nyumba yetu ya njia ya Kaole, na tangu arudi sijawahi kununua dawa zangu za magoti kwa mkono wangu mwenyewe. Lakini lazima niseme kweli: kompyuta ile ilinichosha. Aliiunda mwenyewe wakati wa likizo, juu ya mkeka wangu wa kulia chakula, kipande kwa kipande, na kwa siku sita tulikula barazani. Ilipowaka, ilikuwa na taa za rangi zote kama harusi, na ngurumo yake haikukoma. Shikamoo yangu ya jioni ilianza kunijia kutoka mgongoni mwa mtu aliyeziba masikio.

Kisha nikaja kujua kwamba hata kasi ile haikumtosha. Alikuwa akiingia kwenye ukurasa wa mipangilio, ule unaofunguka kabla kompyuta haijawaka sawasawa, na kuipandisha prosesa, ndiyo ubongo wa kompyuta, kupita kasi iliyowekwa kiwandani.

"Walioitengeneza hawakujua kasi yake?" nilimuuliza.

"Walijua, baba. Waliacha nafasi kidogo juu yake."

"Walioiacha walikuwa na sababu."

"Sababu ni kwamba hawajui nani ataitumia. Mimi najijua. Na wewe baba, redio yako mbona umeiunga na waya wa kuanikia nguo?"

"Ile ni kwa ajili ya kusikiliza mawaidha."

"Na hii ni kwa ajili ya kupiga hesabu haraka," alisema, na mama yake, aliyekuwa akichambua mchele, akacheka peke yake.

Nilivumilia, na kwa kuwa sikuwa na pa kwenda, nikajifunza. Alinieleza kwamba kasi yenyewe haina madhara makubwa. Kinachoidhuru prosesa ni volti na joto. Ukiongeza kasi, prosesa inaweza kuomba volti zaidi ili isiyumbe. Ukiipa volti zaidi, inachemka. Ikichemka kupita kiasi, inajizima kujiokoa, na ukiizoesha volti nyingi, inakufa kabla ya siku zake. Kwa hiyo alijiwekea mipaka miwili: volti isizidi moja nukta tatu, na joto lisizidi nyuzi tisini. Alipanda ngazi moja ndogo ya kasi, akaiendesha kompyuta kwa nguvu nusu saa nzima, akaandika namba katika daftari, ndipo akapanda nyingine. Ikiyumba, anashuka. Hapo nilimheshimu kimya kimya. Miaka arubaini nilifundisha watoto kusoma msahafu kwa njia hiyo hiyo. Hakuna aliyeuvuka mstari kabla haujakaa kinywani. Sikumwambia hivyo, maana nilikuwa bado nimekasirika.

Kilichomshinda ni kwamba namba za daftari zilikuwa zikimgeuka. Mpangilio uliompa nyuzi themanini mwezi wa kwanza, mwezi wa tatu ulimpa themanini na nane, na Jumamosi ile ulifika mwisho ikazimika. Hakuwa ameongeza chochote. Alishuku umeme wetu, ambao jioni hulegea hata taa zikawa za njano, lakini alikuwa na kifaa cha kusawazisha umeme, na kilikuwa kizima. Akashuku hewa ya chumvi, kisha joto la mji. Kila alichokishuku alikisema kwa sauti, wakati wa chakula, hata wali ukapoa.

Jumapili asubuhi mimi ndiye niliyeona. Mama yake, kama alivyofanya kwa televisheni, friji na redio, alikuwa ameifunika kompyuta kwa kitambaa cheupe alichokifuma kwa mkono, chenye maua pembeni, na kilianguka vizuri juu ya matundu ambako hewa ya moto hutokea.

"Huyu hapa mwizi wako," nilimwambia binti yangu.

Kitambaa kilipoondolewa, joto lilishuka nyuzi tatu. Nilifurahi kupita ilivyostahili. Nilimweleza mke wangu, mbele ya mtoto, kwamba kila chombo kina pumzi yake, na kwamba si kila kitu ndani ya nyumba kinahitaji kuvishwa nguo. Alikikunja kile kitambaa mara nne, akakitia kabatini. Baada ya miaka arubaini na tatu ya ndoa, nilipaswa kuelewa maana ya kukikunja mara nne.

Jumanne na Jumatano, kwa kasi aliyoipunguza kidogo, mashine ilikaa kwenye themanini na tano. Binti yangu alianza tena kula chakula kikiwa cha moto. Alhamisi alasiri, kama kawaida ya nyumba yetu kila Alhamisi, niliwasha makaa, nikatia ubani na udi katika chetezo, kwa ajili ya kisomo cha kuukaribisha usiku wa Ijumaa. Wiki ile nilitia udi zaidi. Sikumwambia mtu, lakini katika dua zangu nilimtaja binti yangu na mashindano yake. Mambo yenyewe yananichosha, lakini nafasi ile alikuwa ameitolea jasho, na alikuwa mwanamke pekee kutoka pande zetu katika timu yao. Nilitaka isimponyoke.

Ijumaa, tuliporudi kutoka msikitini na tukala, alianzisha jaribio la nusu saa. Alinikalisha mbele ya skrini na tasbihi yangu, ili aende kuoga.

"Baba, ikipita tisini, bonyeza hapa."

Nilikuwa nimekwisha kupoteza hesabu ya tasbihi mara mbili kwa sababu ya zile namba. Themanini na nane. Tisini na moja. Nikabonyeza, skrini ikauliza swali kwa Kiingereza, nikabonyeza tena. Tisini na sita. Nilimwita kwa sauti ambayo sikuwa nimeitumia tangu nilipoacha kufundisha, akatoka na kanga na povu shingoni, akaizima.

Akairudisha kwenye kasi ya kiwandani, bila nyongeza yoyote ya volti. Akaijaribu tena. Tisini na tatu.

Hapo aliketi chini, mgongo ukutani. "Basi nimeiua," alisema. "Ni volti. Nimeiunguza polepole bila kujua. Mashindano ni kesho."

Nami, Mungu anisamehe, badala ya kunyamaza nilimpa somo. Nilimwambia kwamba huu ndio mwisho wa israfu, kwamba mtu aliyepewa kinachomtosha akataka zaidi hupoteza hata kile alichopewa, kwamba nilimwonya. Nilizungumza kwa utaratibu na kwa muda mrefu. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu, macho mekundu, kisha akasema, "Nimesikia, baba. Naomba nifungue niione kwa mara ya mwisho."

Akaileta juu ya mkeka, akakaza kichwa chake kwa kilemba cha kanga, akafungua skrubu za ubavu. Kioo kilipotoka, harufu ilijaa sebule. Haikuwa harufu ya kuungua. Ilikuwa harufu ya Maulidi.

Binti yangu aliinama akanusa. Akachomoa ule wavu wa mbele unaochuja vumbi, ambao alikuwa akiupangusa kwa kitambaa kikavu kila mwezi. Matundu yake yalikuwa yamezibwa na utando wa rangi ya chai ulionata, majivu yamegandia juu yake. Akamulika ndani kwa simu. Ile rejeta ndogo inayokaa juu ya prosesa, yenye mapezi membamba ya kupitishia hewa, ilikuwa imevaa utando ule ule.

Aligeuka akanitazama, akaitazama pembe iliyo mbele ya kompyuta, ambako palikuwa na duara jeusi sakafuni.

"Baba, chetezo huwa unakiweka wapi?"

Nilijua jibu, na nilijua vilevile kwa nini. Tangu mashine ile iingie sebuleni nilikuwa nimegundua kwamba ukikiweka chetezo mbele ya feni zake, moshi huvutwa upande mmoja ukatokea mwingine, na harufu hufika hadi jikoni. Kila Alhamisi kwa miezi mitatu nilimwomba asiizime mpaka nimalize kisomo. Aliniachia, akidhani nimeanza kuipenda.

"Hapo," nilisema.

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na mwiko. "Kitambaa changu kilihukumiwa siku moja tu," alisema. "Hiki chetezo kimekaa miezi mitatu kinaitwa ibada."

"Mama, usimcheke baba."

"Simcheki. Namsubiri anieleze habari za pumzi ya chombo."

Binti yangu alijitahidi sana asicheke, akashindwa, akalia na kucheka kwa pamoja. Mimi nilibaki na tasbihi mkononi. Somo langu la israfu lilikuwa bado linaelea mle sebuleni, halijakaa hata nusu saa, na udi niliouzidisha jana yake ulikuwa ndani ya wavu, umeganda. Nilimwambia, "Mwanangu, nisamehe. Nilikuhukumu kwa kosa langu." Akasema hakuna cha kusamehe, lakini nilimtaka aseme amesamehe, akasema.

Tulifanya kazi mpaka magharibi. Mama yake aliuosha wavu kwa maji ya moto na sabuni. Mimi nilipewa mapanga ya feni, pamba, na spiriti ya duka la dawa, na amri ya kutolegeza waya wowote. Yeye aliing'oa rejeta, akayasugua mapezi kwa mswaki mpya, akafuta krimu ya kijivu iliyokauka juu ya prosesa, akapaka nyingine kiasi cha punje ya choroko. Kila kitu kikaachwa kikauke wakati tukiswali. Kisha akafunga, akawasha, akajaribu kwa kasi ya kiwandani.

Sabini na moja.

Alirudi kwenye mipangilio. Daftari lilimruhusu kupanda hadi pale palipomponza, kwa maana sasa palikuwa na nafasi. Akaacha ngazi moja chini yake, akapunguza na volti kidogo, akajaribu nusu saa. Themanini kamili. "Hapa panatosha," alisema, bila kunitazama, na mimi nikajifanya sikusikia.

Jumamosi alicheza kuanzia saa nane mpaka alasiri, wakapumzika kwa swala, wakaendelea. Niliketi nyuma yake, sikuelewa lolote ila ile namba ndogo ya pembeni, ambayo haikuvuka themanini na mbili. Walishika nafasi ya tatu. Simu ilipoita, kiongozi wao hakuzungumzia mashine hata kidogo. Alisema tu, "Dada, Jumamosi ijayo saa zile zile. Usichelewe."

Ngurumo ya zile feni bado inanichosha. Lakini siku za Alhamisi, kabla sijawasha makaa, binti yangu huizima kompyuta na kuiacha ipoe. Nami nachukua chetezo nikakiweka upande wa pili wa sebule, karibu na dirisha. Kisha mke wangu hufungua kabati, akatoa kile kitambaa cheupe chenye maua, akakikunjua mara nne, na kuifunika mashine yote, mbele na juu, moshi usiingie. Hulivuta kila pindo likae sawa. Kisha hunitazama kwanza, ndipo akaenda jikoni.