Mishono Inayolala Kinyume

Mtafiti wetu wa mavazi ya zamani hapa makumbusho haanzi na rangi wala kola kama wenzake. Nguo ikiletwa tu, huvaa glavu, huigeuza ndani nje, kisha hukimbilia pindo akiwa na lenzi yake. Mimi mpokea nguo, mdomo wangu hauna breki, nikamuuliza, “Dada, huko chini umepoteza sindano?”

“Mama alikuwa fundi,” akasema. “Alishona mapindo kwa mkono wa kushoto, mishono yake ikalala kinyume na ya wengine. Alivisha mtaa mzima, sisi wanawe hatukubaki na hata kitambaa alichokishona.”

Jana lilikuja gauni la bluu. Aliliinamia, akakawia. “Si yeye,” akanong'ona, akalikunja taratibu, kama mgeni aliyeambiwa mwenye nyumba ametoka sasa hivi.