Lori Lililokohoa Nikiwa Peke Yangu

Niliitwa mwizi Jumatatu asubuhi, mbele ya akina mama waliopanga foleni kupimiwa majani chai, na aliyeniita alikuwa tajiri wangu, mwenye lori. Hakunivuta pembeni. Alisimama pale penye mizani, mikono kiunoni, akasema kwa ile sauti yake ya mkutano: "Huyu tereva anauza betroli yangu, halafu anajaza mafuta ya taa. Ndiyo maana lori inakohoa!"

Miaka ile ya tisini nilikuwa naendesha lori kuukuu la petroli, nikibeba majani mabichi ya wakulima upande wa Sotik hadi kiwandani. Kwa wiki tatu hivi injini ilikuwa inamisi. Inavuta vizuri, mara inakata, puu, puu, kama mtu mwenye kifua, kisha inashika tena. Majani yakikaa juani yanageuka mekundu na kiwanda kinayakataa, kwa hiyo wakulima walishaanza kunung'unika. Sasa wakapewa wa kulaumiwa.

Wee! Mimi? Nimezaliwa hapa hapa, kwenye kambi ya wachuma chai, lakini kwa sababu baba yangu alitoka upande wa ziwa, bado nilihesabiwa mtu wa kuja. Mtu wa kuja akiitwa mwizi, nani atabisha? Tajiri alinipa mpaka Jumamosi: lori likimisi tena, nirudishe ufunguo. Na dereva akishafutwa kwa wizi wa petroli, asijisumbue kuomba kazi Kericho wala Bomet, habari zake zitamtangulia. Lakini aliyenikata maini hasa ni mke wangu. Jioni ile alinipakulia chakula, akaniuliza polepole, "Kama ulichukua, si uniambie tu?" Sikula.

Nilikuwa nimefanya kila kitu dereva anachoweza kufanya. Plagi nilibadilisha. Kabureta tulifungua, tukaiosha. Fundi wa Sotik alisugua kontakti za umeme kwa msasa, kisha akapanda kando yangu tukazunguka mji mzima, na injini ikanguruma safi. "Gari yako ni mzima, ndugu," akasema, akinitazama vibaya. Tajiri akapanda, safi. Mwenyekiti wa wakulima akapanda, safi kabisa. Nikibaki peke yangu, puu, puu. Nilianza kulichukia lile lori kama binadamu.

Alhamisi nilitumwa Soin kuchukua magunia ya mahindi. Wakati wa kurudi, mlima wa kuelekea Kericho, likaanza kikohozi chake. Mama mmoja mwenye mwili wake akanisimamisha, nikampa lifti, akaketi kiti cha pili. Kikohozi kikaisha. Tulipanda mlima wote tukipiga stori za mvua na maziwa. Akashuka kwake, akanishukuru, nami sikufika mbali: puu, puu.

Nikapiga breki. Ebu ngoja kwanza.

Nilishusha gunia moja la mahindi, nusura nivunje mgongo, nikalipandisha kwenye kiti cha pili. Nikawasha. Hakuna kikohozi, injini inanguruma vizuri tu. Nikalisukuma nje, lori likaanza kukohoa. Basi nikainua kile kiti. Bati la chini lilikuwa limeliwa na kutu, linabonyea, na chini yake ulipita waya unaopeleka moto wa betri kwenye koili ya plagi. Mpira wa nje mzima, shaba ya ndani imekatika. Mtu akiketi, bati linaukandamiza waya, ncha zinagusana; asipokuwepo, zinagusa na kuachana. Kila shahidi niliyemleta alikuwa amekalia kosa lenyewe!

Kuunga waya ule ilikuwa kazi ya dakika kumi. Sikuugusa. Waya ungeungwa, na jina langu je? Nikalipandisha gunia tena, nikarudi Sotik nalo limeketi kando yangu kama bwana mkubwa.

Ijumaa foleni ilikuwa pale pale, akina mama wale wale. Nilishusha gunia, nikawasha injini nikaiacha ipumue.

"Mzee, panda kidogo," nikamwambia tajiri.

Akapanda. Safi.

"Shuka."

Puu, puu.

"Panda tena. Haya, shuka."

Mama mmoja wa mbele akapiga makofi. "Ai! Kumbe dawa ni makalio ya mzee!" Foleni nzima ikaangua kicheko.

Tajiri hakuwa mjinga. Alitazama waya niliomwonyesha, akainuka amekunja uso. "Sawa. Funga hiyo waya, twende."

"Sema kwanza."

"Niseme nini?"

"Uliniita mwizi hapa hapa. Sema hapa hapa kwamba sikukuibia."

"Mimi niombe tereva wangu msamaha?"

"Basi keti, mzee."

Na akaketi! Kunifukuza hakuweza tena, watu walikuwa wameona. Kuita fundi, au kuweka gunia pale, kungekuwa kukiri. Basi aliketi Ijumaa nzima, na Jumamosi, na Jumatatu, kwenda kiwandani na kurudi, akirushwa na mashimo, macho mbele, ili tu waya ushikane. Nami nilishika usukani wangu. Nisidanganye, nilikuwa naogopa. Usiku nilihesabu ningekula nini nikikosa kazi. Lakini kila asubuhi nilimfungulia mlango kwa heshima zote.

Jumanne, majani yakiwa yameshapakiwa, alishuka mwenyewe, injini ikakohoa nyuma yake. Akasimama penye mizani.

"Huyu hakuniibia," akasema, chini chini.

"Hatusikii!" foleni ikajibu.

"Hakuniibia! Nilimsingizia!"

Nilizima injini, nikaunga waya, nikaufunga vizuri kwa tepu. Nilipowasha tena, tajiri alikuwa ameshazunguka upande wa pili na kufungua mlango, kwa mazoea.

"Hapana, mzee," nikamwambia. "Leo naenda peke yangu."

Akafunga mlango taratibu. Nikapanda mlima na mzigo umejaa, injini haikukosa pigo hata moja, nami nikalia njia nzima, mwanamume mzima, nikajifuta kwa mkono wa shati nilipoona geti la kiwanda.