Lijamu na Kamba Kwenye Kichwa Kimoja

Dada alikuwa na msonyo maalumu kwa ajili ya mabuti ya mdogo wake wa kiume. Ulikuwa msonyo mrefu, wa raha, na aliutoa kila asubuhi bila kukosa. Mabuti yenyewe yalikuwa ya mpira, na huyo mdogo mtu aliyavaa kufundishia farasi. Kufundishia farasi! Mfyeka majani, alisema Dada, aliyepotea njia akaangukia kwenye zizi letu.

Dada mwenyewe alivaa buti za ngozi, alizozing'arisha kabla hata ya kunywa chai. Alifundishwa na baba yao, Mzee, na Mzee alifundishwa kizamani: mgongo wima, visigino chini, hatamu zikae mkononi muda wote bila kukazwa wala kulegezwa, na lijamu, kile chuma cha mdomoni, izungumze na farasi kwa upole. Hata kupanda kulikuwa na adabu yake. Aliye chini humkingia viganja anayepanda, naye akakanyaga, akapandishwa. Tangu utotoni Dada alimkingia viganja Mzee peke yake. Wanafunzi aliwaelekeza kwenye benchi. Kwa maoni yake wengi wao walikuwa magunia, na gunia halipandishwi kwa heshima.

Mdogo wake alikwenda nje ya nchi akarudi na kamba. Hiyo ndiyo elimu yote aliyorudi nayo: kamba ya kumvika farasi kichwani, bila chuma, pamoja na maneno chungu nzima kuhusu moyo wa mnyama. Alisimama katikati ya uwanja wa mviringo, akamwacha farasi azunguke weee, kisha akampa mgongo mpaka farasi amfuate kwa hiari yake. Akiigusa kamba, farasi hurudi nyuma hatua. Akirudi tu, kamba hulegezwa. Ule ulegevu ndio zawadi yake.

"Namsikiliza, Dada."

"Na yeye anakwambia nini? Ukaoge?"

Wangeendelea hivyo mpaka uzeeni kama si nyonga ya Mzee. Daktari alisema lazima ipasuliwe, na baada ya hapo farasi atawaona kwa macho tu. Mzee akaomba jambo moja: kabla ya upasuaji apande mara ya mwisho yule jike wa kijivu, aliyempokea kwa mikono yake mwenyewe siku alipozaliwa. Jike alikuwa hajapandwa muda mrefu. Watoto wake wakamwahidi watamtayarisha.

Wakamtayarisha, lakini si pamoja. Asubuhi ilikuwa ya Dada na lijamu, alasiri ya mdogo mtu na kamba, na mmoja akiingia uwanjani mwenzake alitoka kama amesikia harufu mbaya. Jike hakuwa mjinga. Akionjeshwa chuma alikwenda mbele na kuegemea mkono taratibu. Akivikwa kamba alirudi nyuma kwa mguso mdogo. Kila mmoja akajipiga kifua kwamba ni kazi yake, yule mwingine anaharibu tu.

Siku ikafika, wakagombana mbele ya jike.

"Baba atapanda kwa lijamu, kama mtu mwenye akili zake," akasema Dada.

"Kamba haitoki. Nikiwa chini nimeishika, jike hatashtuka."

Hakuna aliyekubali kushindwa. Basi wakamvalisha vyote viwili, lijamu mdomoni na kamba juu yake, na wote wawili wakajiona washindi. Mzee akasaidiwa kupanda kutoka kwenye benchi, uso umemkunjika kwa maumivu, akashika hatamu kama alivyozishika maisha yake yote. Mdogo mtu alishika kamba.

Mzee akambana kidogo kwa miguu: twende. Jike akaenda. Akakuta mkono wa Mzee umetulia kwenye hatamu, lakini kamba nayo imemgusa pua, akarudi nyuma akingoja kulegezewa. Mkono wa Mzee haukulegea, haujawahi kulegea. Miguu ikambana tena. Mbele, nyuma, mbele. Jasho likamtoka shingoni, kisha akasimama kabisa, masikio yamelala, anatetemeka.

"Pumbavu huyu!" Dada akamfokea jike.

"Mkazie kidogo kamba," akasema Mzee. Halafu, "Hapana. Iache." Akainama, akamshika shingo. "Anafanya yote mliyomwambia. Nishusheni."

Wakamshusha. Hakuwagombeza, na hilo ndilo lililomuuma Dada kuliko matusi. Kesho yake Mzee akapelekwa hospitali.

Dada alikaa ukingoni mwa uwanja akiwa na hasira na dunia nzima, na kwa mara ya kwanza alijiweka na yeye kwenye orodha. Alasiri mdogo wake alipoingia na jike, Dada hakutoka.

"Nionyeshe unavyolegeza," alisema, kwa sauti ya mtu anayeomba maji kwa adui.

Alitegemea atachekwa. Yule mwenda wazimu hakumcheka, akamwonyesha tu, na hilo nalo lilimkera. Naye Dada akamwonyesha namna ya kukaa na kushika bila kuvuta. Wakazozana kila siku, lakini sasa walizozana juu ya farasi mmoja, katika saa moja. Jike akajifunza kuuegemea mkono, na mkono ukajifunza kumlegezea akijibu.

Mzee aliporudi waliweka kiti chake kando ya uwanja. Dada akapanda, akazunguka, akabadilisha mwendo na kurudi, hatamu zikiwa hai mkononi mwake. Hakuwahi kupanda vizuri vile. Akasimama mbele ya baba yake, akingoja.

"Wewe nimekuona miaka yote," akasema Mzee. "Mpandishe mdogo wako, nimwone."

Mdogo mtu akatazama huku na huku akitafuta benchi. Benchi lilikuwa mbali kidogo, na Dada alijua kabisa lilipo. Akashuka. Akasimama kando ya jike, akainama, akakinga viganja.

"Dada, mabuti yangu yana kinyesi."

"Nayaona. Kanyaga."