Tembo wa Miguu Mitatu

Mama yangu alikuwa akipeleka vitunguu vya Lumuma stesheni ya Kidete, na kwa kuwa yeye na wenzake hawakujua kusoma, kila mwanamke alichora alama yake ya mkaa kwenye gunia. Mama alichora kuku asiye na mkia. Walimcheka mpaka wakashika mbavu.

"Mama Saidi, huyo kuku au chungu?"

"Kuku wangu mkia ulichukuliwa na paka. Mlitaka nimchore wa kwenu?"

Nilikuwa mdogo, nikacheka nao.

Haya, kazi sasa. Siku niliyoomba uaskari wa wanyamapori pale Kilosa, miaka ile baada ya Uhuru, Bwana Nyama, yaani ofisa wa wanyamapori, aliniuliza nimesoma hadi wapi. Nikamwambia la pili, nalo sikulimaliza.

"Nyayo je, unasoma?"

Hizo nilisoma: wa mbele wa tembo ni mviringo, wa nyuma mrefu. Akanipa kofia. Ilinifunika masikio, lakini niliivaa hata nikienda kuoga mtoni.

Baadaye nikahamishiwa Mikumi, wakati watu wanahamia vijiji vya ujamaa. Bwana Nyama wa huko alikuwa kijana mpole aliyetoka chuoni. Asubuhi moja akaja Mzee Mkude, ambaye bado alikuwa na shamba lake la zamani la mahindi karibu na pori. Mahindi yale ndiyo chakula cha mwaka mzima, chake na cha mkewe.

"Anayeyamaliza ni tembo mmoja," alisema. "Namwona nikiwa dunguni." Dungu ni kile kichanja cha kulindia shamba.

"Mzee, tembo hapa ni wengi, na ruhusa yangu ni ya kupiga mmoja tu. Yupi?"

Mzee alichukua penseli mezani, akachora nyuma ya fomu. Mgongo, masikio, mkonga. Miguu mitatu.

Bwana Nyama akacheka, bila ubaya. "Wa nne kausahau nyumbani?"

"Nimechora nilichokiona." Akaichomeka penseli sikioni, akatoka.

Hapa ndipo ilipo aibu yangu. Nilimkumbuka kuku wa mama. Nilijua mchoro ule unasema tembo hakanyagii mguu mmoja, pengine una waya wa mtego, ndiyo maana hawezi kwenda mbali na shamba la mzee. Nilijua, nikanyamaza. Mtu wa la pili nimsahihishe mtu wa chuo?

Kesho yake tukapiga dume kubwa lililosimama jirani na shamba. Watu walifurahia nyama. Mzee aligusa miguu ya dume lile kwa fimbo: mmoja, wa pili, wa tatu, wa nne.

"Huyu si wangu."

Siku ya tatu mahindi yote yalikuwa yamelala chini. Ardhini kulikuwa na nyayo za miguu mitatu na mburuzo wa mguu wa nne. Ndipo nikamweleza Bwana Nyama.

"Kwa nini hukusema?"

Nimestaafu, nafuga kuku hapa Rudewa, na swali lile bado ninalo. Ninyi mnaoanza kazi, mtu akiwachorea kitu, kwanza muulizeni ameona nini. Kucheka kutakuja baadaye.

Siku ile mimi na Bwana Nyama tulikwenda kwa mzee pamoja. Tulimkuta amefunga mikeka, mkewe ameketi juu ya mzigo.

"Shikamoo, mzee," alisema Bwana Nyama. "Nitaomba ruhusa ya pili."

"Marahaba. Omba, mwanangu. Mnyama yule anaumia."

Akachomoa penseli sikioni, akampa. "Hii ni yako."

Akajitwika mzigo, akamshika mkewe mkono, wakashika njia ya Lumuma. Hakugeuka nyuma, na hakurudi tena.