Amplifaya Isiyopiga Mluzi

Isihaka wa Mazingara hajawahi kusifiwa na mtu kabla hajajisifu mwenyewe. Anawahi. Mkute Korogwe pale anapoegesha pikipiki yake ya matairi matatu, spika zimekaa nyuma zimefunikwa kama mabibi harusi. Hujamaliza salamu, ameshakueleza kwamba kuanzia Ngombezi mpaka Kwamsisi hakuna harusi iliyonoga bila mkono wake. Mzee mwenye kikohozi akishika maiki ya Isihaka anatoka na sauti ya kadhi. Ngoma ya Kizigua iliyorekodiwa kwa simu mbovu, akiipitisha kwenye mitambo yake, bibi zetu wanaacha bakora wanaingia kucheza. Na ubaya wake ni kwamba mengi ya hayo ni kweli.

Sasa mtu huyo huyo, mwezi uliopita, alikuwa na shughuli Kwamsisi, na maiki ikapiga mluzi. Mluzi wa maiki unaujua, ule unaoingia sikioni kama sindano ya kushonea magunia. Watu wakaziba masikio. Sheikh akakatisha dua. Isihaka alikuwa amekaa palepale kwenye mikisa, ile mashine ya kuchanganyia sauti, anaitikia amina peke yake, uso umetulia kabisa. Ikabidi mkewe Amne, aliyekuwa upande wa pili anapanga viti, aje mbio ashushe sauti ya maiki kwa mkono wake.

"Mikisa imeisha ile," Isihaka alisema wakati wanarudi. "Tundu la hedifoni limekufa. Nasikilizaje?"

Amne alitazama mashamba ya mahindi. Hakusema ndiyo, hakusema hapana, na mwanamke wa Kisambaa akinyamaza hivyo huwa hajakubali.

Isihaka hakuwa mjinga. Alijua spika kila mtu anaweza kuwa nazo. Mtu wa muziki anaitwa kwa ajili ya masikio. Wakishaanza kusema Kwamsisi kwamba Isihaka hasikii, hayo maneno yatafika Korogwe kabla ya pikipiki yake, na hapo kazi imekwisha. Kwa hiyo alihitaji sana kosa liwe la chombo.

Ndipo zikaja hedifoni za shemeji yake Muhsin, kaka wa Amne, aliyekuwa fundi wa studio moja huko Dar. Studio ilifungwa, mafundi wakagawana vilivyobaki. Si zile hedifoni za kuning'iniza shingoni stendi. Hizi zililala ndani ya sanduku la mbao, ngozi laini, kila sikio pana kama kisahani cha chai. Isihaka alizichomeka kwenye simu akawasha wimbo. Wimbo ukasikika kwa mbali, kama harusi ni ya ng'ambo ya mto na wewe hukualikwa.

"Simu haina nguvu ya kuzisukuma," Muhsin alimwambia. "Zinataka amplifaya yake. Lakini shemeji, usibebe yoyote tu. Hedifoni nzuri na amplifaya mbaya ni kama biryani kwenye ndoo ya deki."

Isihaka akaenda kwa Gerald.

Gerald ni fundi redio karibu na stendi, Msambaa wa milimani, na yeye na Isihaka hawajawahi kuongea neno lililonyooka tangu wajuane. Hata Gerald alipofiwa na baba yake, Isihaka alipanda mpaka juu huko, akaficha majembe ya kuchimbia kaburi, akayakalia mpaka alipopewa kuku. Watu walicheka na machozi yakiwatoka. Utani wao wa makabila ulikuwa hivyo, hauna likizo.

"Mzigua, umekuja kutengeneza au kuharibu?"

"Nimekuja kukufundisha kazi. Nyie wa milimani baridi imewaziba masikio."

Alipoona hedifoni Gerald alifuta mikono kwenye suruali kabla ya kuzigusa. Akazigeuza. Akapiga mluzi mdogo wa heshima.

Isihaka macho yake yalikuwa rafuni, kwenye dude kubwa jeusi lenye taa za bluu, lililotoka kwenye ukumbi mmoja wa disko Handeni. "Nipe lile. Wati nyingi ndiyo heshima."

"Heshima ya nani? Lile linasukuma ukumbi mzima. Wewe unataka kusukuma sikio. Ni kama kumnywesha kifaranga maji kwa mpira wa zimamoto." Lakini alilishusha. "Haya, usipige wimbo kwanza. Amplifaya ya hedifoni unaijua ikiwa kimya. Vaa usikilize. Ikinyamaza, inanyamaza kweli?"

Isihaka akavaa, akafumba macho, akanyoosha kidole kama daktari.

"Inapiga mluzi. Mwembamba, kama nyenje."

Gerald akasikiliza. "Mimi nasikia mngurumo. Mluzi sisikii. Lakini mbovu ni mbovu, tuliache."

Ya pili ilikuwa ya zamani, ya vali, zile chupa za kioo zinazowaka rangi ya makaa. Isihaka akavaa tena.

"Nayo ina nyenje."

"Hii?" Gerald akavaa, akakaa nayo muda. "Hii imetulia kama kanisa siku ya Jumatatu."

"Basi Jumatatu yenu ina nyenje. Hebu tia wimbo."

Gerald akatia ngoma ya Kizigua kutoka kwenye simu ya Isihaka mwenyewe. Isihaka akakamata kitufe akazungusha, akazungusha tena, mpaka uso ukachanua. Mama mmoja anayechoma chapati ng'ambo ya barabara, Mama Swaumu, akainua mwiko.

"Gerald baba, punguza redio hiyo, nashindwa kuongea na wateja."

"Si redio, mama," Gerald akasema. "Ni hedifoni." Akasema polepole, akimwangalia Isihaka anayetikisa kichwa na kutabasamu, hana habari.

Gerald akazima. Akaleta ya tatu, kitu kidogo kama kipande cha sabuni, cha kijivu, hakina taa wala mapambo.

"Hii ndiyo unaniletea? Nikaogee?"

"Vaa."

Isihaka akavaa. Akafumba macho. Safari hii alisikiliza kwa dhati, maana alitaka kweli ipatikane moja isiyo na ubovu. Akangoja. Halafu akavua kwa hasira.

"Mluzi uleule. Gerald, duka lako zima ni nyenje tupu. Vyombo vyako vyote vibovu."

Akafumbua macho. Gerald alikuwa amesimama mbele yake ameshika mwisho wa waya wa hedifoni mkononi. Hakuwa ameuchomeka popote.

Siku nyingine yoyote, Gerald angecheka mpaka aanguke chini. Angeitangaza stendi nzima, makonda wangeimba. Hilo ndilo alilolingoja Isihaka, na alishaandaa la kujibu. Lakini Gerald aliulaza waya mezani, akavuta kigoda, akakaa.

"Imeanza lini, Isihaka?"

Akamwita kwa jina. Ukiona mtani wako ameacha utani, angalia nyuma yako, kuna kitu kimesimama.

"Cheka basi," akasema.

"Sicheki."

Isihaka akaangalia mikono yake. "Masika yaliyopita. Nilidhani ni nyenje wa Mazingara, nikajua nikija mjini nimewaacha. Wakanifuata."

"Umekaa ubavuni mwa spika tangu lini?"

"Kabla sijaoa."

"Nenda hospitali wakakupime masikio."

"Watanipa mengine?"

"Hawana. Watakuambia utunze yaliyobaki."

Kisha Gerald akauchomeka waya, akarudisha ngoma ileile, sauti ya chini, kiasi cha mtu mzima. Akamvalisha kwa mikono yake. Isihaka akasikia ngoma kubwa. Akasikia sauti za kina mama, nzito, karibu sana, alisikia mpaka wanavyovuta pumzi. Lakini wimbo ule anaujua tangu yuko mgongoni. Una njuga. Njuga zinaingia baada ya ubeti wa kwanza, zinakaa mpaka mwisho. Alingoja njuga. Ubeti ukapita, wa pili ukapita.

"Njuga zipo?" akauliza.

Gerald akachukua upande mmoja wa hedifoni akaweka sikioni. "Zipo. Nyingi."

Isihaka akavua hedifoni. Alikuwa anakumbuka harusi. Si ile ya Kwamsisi tu, hata za kabla yake, siku alizopandisha sauti nyembamba juu akidhani anainogesha shughuli, na akina mama wa mbele wakabadilisha viti. Alidhani wanafuata kivuli. Na Amne siku zote alikuwa anasimama pembeni pale, mkono tayari, kama mtu anayengoja mtoto aanguke.

"Ipi ina ukweli?" akauliza hatimaye. "Ya vali au hii sabuni?"

"Ya vali ni tamu. Inatia sukari kwenye kila kitu, hata kibaya kitakupendeza. Na barabara ya Handeni itakuvunjia vioo. Hii ndogo haina utamu. Kilichoharibika kinasikika kimeharibika."

"Ya kustarehe basi ni ile."

"Ya kustarehe ni ile. Wewe unataka ya nini?"

Isihaka aliitazama ya vali, makaa yake yakiwaka taratibu. Ilikuwa nzuri, ingependeza mezani, watu wangeuliza ni nini ile. Akaisogeza pembeni.

"Nifungie ndogo," akasema. "Si yangu. Ya Amne."

Jumamosi ile walikuwa Ngombezi, harusi ya binti wa mfanyakazi wa shamba la mkonge. Amne alikaa kwenye mikisa, hedifoni zimembana kilemba, kile kipande cha sabuni mapajani. Isihaka alikuwa ameshika nyaya. Wanaume wa pale walimwona.

"Isihaka, leo umepinduliwa?"

"Nimepandishwa cheo," akasema. "Mkurugenzi hakai kwenye mashine."

Wakacheka. Naye akacheka, ingawa kicheko kilimgharimu, na yule aliyeuliza hakujua. Moyoni alikuwa anamwogopa mtu wa kwanza atakayeuliza kwa nini.

Mjomba wa bwana harusi akashika maiki, mzee mnene mwenye furaha, akaanza kutoa nasaha huku anatembea, anaisogelea spika. Isihaka alisimama karibu na spika anamsikiliza, na kwake yeye mambo yalikuwa shwari kabisa. Akageuka kumtazama mkewe. Amne alikuwa amekunja uso. Akanyanyua kidole, akamwonyesha mzee.

Isihaka hakuwa amesikia mluzi wowote. Akapita katikati ya watu, akainama kwa adabu, akamshika mzee kiwiko.

"Shikamoo mjomba. Njoo usimame huku."