Kijiti Mkononi mwa Dada Vumilia

Jumapili moja ya mwezi wa tano, baada ya ibada, mama mkwe wa dada yangu aliwapanga wakamwana wake watatu ukutani, akaanza kuwapapasa mikono.

Mkono wa kushoto tu. Upande wa ndani, juu ya kiwiko.

Hakusema anatafuta nini.

Mimi naitwa Nelly, mwaka wa pili chuo kikuu. Dada yangu, Vumilia, aliolewa kijijini Kishapu. Mumewe, Bujiku, anachimba dhahabu Geita na hurudi nyumbani mara mbili kwa mwaka.

Walikuwa na watoto watatu, na wote watatu walizaliwa kwa upasuaji.

Baada ya yule wa tatu, daktari alimwambia dada waziwazi: “Mshono wako umekuwa mwembamba kama karatasi. Ukibeba mimba kabla ya miaka mitatu, kizazi kitapasuka.”

Dada alimsihi mumewe wapumzike. Bujiku akacheka.

“Mashine ikikaa bila kazi inashika kutu, Mama Mihayo.”

Basi dada akaenda kuwekewa kijiti cha uzazi wa mpango kwa siri. Tuliojua ni mimi na nesi aliyemwekea tu.

Sasa turudi pale ukutani.

Kidole cha Mama Bujiku kilipofika kwenye mkono wa Vumilia, kikasimama. Kikarudi nyuma. Kikasimama tena palepale.

“Hiki nini?”

“Ni mshipa, mayu,” dada alijibu, akimwita mama kwa Kisukuma.

“Mshipa gani umenyooka kama njiti ya kiberiti? Unaniona boya?”

Wakampigia Bujiku simu, wakaweka sauti kubwa ili ukoo wote usikie.

“Mimi nashinda duarani, chini ya ardhi, nameza vumbi, kumbe yeye amenifungia mlango?” alifoka. “Kitolewe. Leo hii.”

“Zahanati leo wamefunga,” dada alijitetea. “Tusubiri kesho.”

“Nani kataja zahanati?” mama mkwe akauliza.

Aliitwa Donatus, muuza dawa za mifugo, mtu anayesifika kwa kuhasi madume ya ng'ombe. Alikuja na wembe. Hakuja na ganzi.

Wakamwana wawili walikalia miguu ya dada yangu. Mama Bujiku akashika kiganja.

Kijiti kilitoka upesi. Lakini Donatus hakuacha.

“Nimesikia vingine huwa viwili,” alisema, akaendelea kutafuta.

Alitafuta kwa muda mrefu kitu ambacho hakikuwepo.

Dada alinipigia siku ya tatu, akinong'ona. Nilimwambia nakuja na polisi.

“Usije, Nelly. Ukiwaleta polisi, mimi na wanangu tutalala wapi?”

“Nani aliwaambia?”

“Achana nayo. Watu wana midomo.”

Nilimshuku yule nesi aliyemwekea kijiti. Nilimpigia simu yule mama wa watu na kumwita msaliti. Akasema kwa upole, “Binti, mimi sijamwambia mtu.” Nikamkatia simu.

Bujiku alirudi mwezi wa saba. Mwezi wa tisa dada akaniambia ana mimba.

Tangu siku hiyo nilikuwa na ombi moja tu: alazwe hospitali mapema, kabla uchungu haujaanza. Nilimwomba shemeji, nikamwomba mama mkwe. Nilitumia maneno yote ya heshima niliyofundishwa na wazazi wangu.

“Mara ya nne tena tumbo lipasuliwe?” Mama Bujiku alinijibu mbele ya wanawake wenzake. “Huyo ni mwanamke au begi la zipu?”

Wakacheka hadi wakashikana mabega.

Uchungu ulimjia asubuhi, mimba ikiwa ya miezi minane. Wakamchemshia mizizi ya kuharakisha. Dada alilia akiomba gari. Wakamwambia asukume.

Kabla ya saa sita mchana, uchungu ukakatika ghafla. Vumilia akanyamaza.

“Mnaona?” mama mkwe alisema. “Katulia. Tumwache apumzike.”

Kumbe kizazi kilikuwa kimepasuka, damu ikimwagikia tumboni. Walipoona midomo imekuwa myeupe ndipo wakatafuta gari. Alifia njiani, yeye pamoja na mtoto.

Alikuwa na miaka ishirini na saba.

Siku ya pili baada ya mazishi, nilimfuata Mama Bujiku uani. Nilipiga magoti nikamwamkia.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu.”

“Naomba nikuulize jambo moja. Nani alikufundisha kupapasa mkono?”

Alinitazama kwa mshangao. Usoni mwake hamkuwa na kejeli hata chembe.

“Si wewe?”

Ndipo nikakumbuka.

Likizo ya Pasaka, mwezi mmoja kabla ya Jumapili ile, nilikuja kijijini na wanafunzi wenzangu watatu. Tuliwakusanya kina mama nyuma ya kanisa, tukawafundisha uzazi wa mpango. Nilitaka kuwaondolea hofu. Niliwaeleza kwamba kijiti ni kidogo, hakipotei mwilini, na ukipitisha kidole unakisikia.

Mama Bujiku alikaa mstari wa mbele.

“Ni mkono upi, mwanangu?” aliuliza.

“Mara nyingi wa kushoto, mama, kwa sababu wengi hufanyia kazi mkono wa kulia.”

Nikaushika mkono wake mwenyewe, nikamwonyesha mahali. Kisha nikawaomba wenzake wampigie makofi, kwa kuwa ndiye pekee aliyeuliza swali. Picha yake niliiweka kwenye ripoti yangu.

“Nilijua umekuja kutusaidia kuwatambua wanaoficha,” aliniambia sasa. “Nikasema, kweli shule inasaidia.”

Niliinuka, nikaondoka uani.

Aneth, mmoja wa wale wakamwana waliomkalia dada miguu, alinisindikiza hadi barabarani. Alilia njia nzima.

“Mama mkwe alimwambia Vumilia palepale kwamba somo katupa mdogo wake,” alisema. “Unajua Vumilia alijibu nini? Wembe ulikuwa umeshaingia. Alisema, ‘Kama ni kukitoa, kitoeni, ila Nelly asijue.’”

Niliandika ujumbe wa kumwomba msamaha yule nesi. Ameusoma, hajajibu.

Msomaji wangu, sijaacha kufundisha. Sasa nikifika kijijini naanza na waume na mama wakwe. Nawaeleza dada yangu alivyokufa, saa kwa saa, na nani alikataa gari. Mambo ya kijiti kinakaa wapi nayazungumza na mwanamke mwenyewe, mlango ukiwa umefungwa.

Nawe uliyesoma na unayetamani kuwaokoa wenzako, kabla hujafungua kinywa, chunguza kwanza ni nani nyumbani mwao anayeuamua mwili wa mwanamke. Mimi nilipata alama A katika somo la afya ya uzazi, na mtu niliyemfundisha vizuri kuliko wote ndiye aliyemshika dada yangu kiganja.