Nguruwe wa Lemuel Goss

Asahel Purdy alikuwa fundi wa matandiko ya farasi pale Bethel Ford, jimbo la Indiana, na wilaya nzima haikuwa na mtu wa kumshinda kwa porojo. Mguu wake ulipinda tangu vitani, kwa hiyo alishona ameketi, na waliokuja kununua hatamu walikaa wakimsikiliza mpaka wakasahau kilichowaleta.

Chama kilipomsimamisha Lemuel Goss agombee unaibu gavana, mji ulivimba kwa fahari. Lemuel na Asahel walikua pamoja na wakaenda vitani pamoja. Baadaye Lemuel akawa wakili, mtu mpole, mkavu wa maneno.

"Asa, Jumamosi kuna karamu ya ng'ombe wa kuchoma," alimwambia rafiki yake. "Nataka unitambulishe wewe. Mimi nikihutubia watu wanasinzia."

"Hata farasi wanasinzia. Niachie mimi."

Thirza, mkewe Asahel, alikuwa akikunja nguo. Lemuel alipotoka akasema, "Waambie alivyokubeba."

"Hilo si la kusemea penye nyama."

Kweli ni kwamba risasi ilipomvunja Asahel mguu, wenzao wote walikimbia. Lemuel akarudi peke yake katikati ya mvua ya risasi, akamtia mgongoni, akavuka naye mto. Asahel hakuweza kulisimulia hilo bila machozi, naye hakutaka kulia mbele za watu.

Basi Jumamosi akasimulia ya nguruwe. Lemuel yuko zamu usiku, vichaka vinatikisika, anaamuru, "Simama, taja jina lako!" Adui anaguna. Lemuel anafyatua, kikosi kizima kinaamka miguu mitupu. "Asubuhi," Asahel akamalizia, "tukamla adui yule kwa maharage." Watu walicheka wakashika mbavu. Lemuel mwenyewe alicheka.

Ila waandishi wa magazeti ya upande wa pili nao walikuwepo. Kabla wiki haijaisha, Lemuel alikuwa "Jenerali Nguruwe" jimbo zima. Kila alikokwenda alikuta nguruwe jike kavishwa kofia ya kijeshi, na akianza kuzungumzia shule na barabara, watu waliguna kama nguruwe. Asiyejua mzaha hakuwa na jibu la mzaha. Mzaha mzaha, hutumbua usaha.

Asahel akamfuata. "Nipeleke mikutanoni, Lem. Niwaambie na ile nyingine."

"Ukiisema sasa watasema tumeitunga. Iache."

Siku hizo kila chama kilichapisha karatasi yake ya kura yenye majina ya wagombea wake wote, na mpiga kura aliweza kufuta jina asilolitaka. Siku ya kura Asahel alimwona jirani yake Obed Stroud, mkulima wa chama chao hichohicho, akilamba ncha ya penseli na kukata mstari juu ya jina la Lemuel.

"Obed, unafanya nini?"

"Gavana akifa je, Asa? Tuongozwe na mwindaji wa nguruwe?" Obed akacheka.

Asahel alitamani kumzaba kofi. Lakini kicheko kile ni yeye mwenyewe aliyemfundisha.

Gavana wa chama chao alishinda kwa urahisi. Naibu wake aliangushwa.

Asahel alikwenda nyumbani kwa Lemuel, akamkuta akifunga vitabu kwenye masanduku.

"Nitukane basi, Lem."

"Nikutukanie nini? Ulichosema ni kweli tupu."

"Lakini nilibakiza."

Lemuel alikaza kamba ya sanduku. "Ulibakiza," akasema, akageukia sanduku jingine.

Majira ya kuchipua yalipofika alihamia Nebraska na familia yake, na Bethel Ford hakukanyaga tena.

Miaka ikapita. Habari za kifo chake zilifika wakati wa theluji, duka limejaa watu wanaoota moto. Asahel akaweka sindano chini, akaanza kuwasimulia habari za mguu, risasi na mto. Alipofika pale Lemuel anaporudi, kijana mmoja akatabasamu.

"Na nguruwe anatokea wapi, mzee?"

Wengine wakaangua kicheko, bila ubaya wowote.

"Hapa hakuna nguruwe," Asahel akasema. Akawaomba radhi, akafunga duka mapema.

Jioni ile alimsimulia Thirza, ambaye hakuwa na haja ya kusimuliwa, naye alimsikiliza mpaka mwisho.